Maji ya Pareto

Kwangu hapa Bondeni sina hata ua moja. Nina sukuma wiki, nina vitunguu kwenye karai lililotoboka, basi. Jirani yangu Anyango hunichokoza kila akipita. Ati mtu aliyelima bustani ya mzungu miaka yote ile anashindwaje na waridi moja la mlangoni? Namwambia aniache. Maua ni kazi kama kuosha sufuria, na sijaona mtu akiosha sufuria kwa kujifurahisha. Yeye hucheka. Akicheka naingia ndani.

Lakini juzi aliniuliza mbele ya watu, wakageuka wote wakingoja, na nikaona kumbe wanadhani nina siri ya maana. Sina siri. Nitasema mara moja, kisha tuyaache hayo maneno.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu juu ya Njoro, njia ya kupanda Mau Narok. Baba yangu alitoka Murang'a na mbuzi wake kabla sijazaliwa, akapewa kipande cha kulima kwa kuwa alifanya kazi, na huko Murang'a mimi sikuwahi kufika hata siku moja. Jina langu ni Mugure. Nilikuwa mchumaji wa pareto. Kwa asiyeijua, pareto ni ua dogo jeupe lenye jicho la manjano, wazungu walikuwa wanalikausha na kulipeleka kiwandani kutengeneza dawa ya wadudu. Unachuma kwa ncha za vidole, kichwa tu bila kijiti, mpaka kikapu kijae. Kijiti kikionekana kwenye kikapu, nyapara anakumwagia chini uanze upya. Nilifanya kazi hiyo tangu nikiwa mtoto, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi.

Mzungu mwenyewe tulimwita Bwana Msumari, kwa vile alikuwa mrefu, mwembamba, na hakupinda. Mume wangu, Nderitu, alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa trekta yake. Tulikuwa tumeoana miaka mitatu na Mungu alikuwa bado hajatupa mtoto. Mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na tatu, saa nne ya asubuhi, askari walikuja kwenye banda la trekta wakawachukua wanaume sita, yeye akiwa wa tatu. Hakuna aliyeambiwa kosa. Siku hizo za hali ya hatari, Mkikuyu kuwa mwanamume lilikuwa kosa la kutosha. Nilikuwa nimesimama pembeni ya njia na kikapu mgongoni. Alipita karibu yangu hivi, akasema bila kunigeukia, "Usitoke hapa. Nikirudi nitakutafuta hapa hapa."

Sikumjibu, kwa sababu askari alikuwa ananitazama mdomo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake.

Baadaye yakaja malori. Watu wetu walikuwa wanatolewa kwenye mashamba ya wazungu, wanapakiwa na vyungu vyao na kuku wao, wanapelekwa ng'ambo ya milima, Murang'a na Nyeri na Kiambu, ati warudi kwao. Kwao! Wengine walikuwa hawajui hata jina la mto wa huko. Waliobaki ni wachache, wale ambao mzungu alisema anawahitaji. Kwetu walibaki kama ishirini. Lori lilikuwa linakuja kila Alhamisi, na kila Jumatano jioni nyapara alikuwa anasoma majina. Nilikuwa nasikiliza majina hayo nimeshika kisigino changu, sijui kwa nini kisigino.

Mwezi wa kumi, aliyekuwa mtunza bustani, mzee mmoja akiitwa Hiram, alisomwa jina. Siku iliyofuata memsabu, mke wa Bwana Msumari, alishuka mpaka kwenye pareto, akapita mstari kwa mstari akitutazama mikono. Alinisimamisha mimi. Alisema kwa Kiswahili chao, "Wewe natengeneza maua yangu. Maua hapana kufa, wewe nakaa. Maua nakufa, wewe nakwenda na lori." Akaenda zake.

Nilielewa vizuri kabisa. Ile bustani haikuwa bustani kwangu. Ilikuwa mahali ambapo Nderitu angenikuta. Sikumwambia mtu hivyo, hata mmoja. Kumtaja mtu aliyechukuliwa kulikuwa kunaleta macho, na kusema unamngoja kulikuwa kunaleta maswali. Watu wa shamba waliona tu mwanamke amepewa kazi ya nyumbani na ameishika kwa meno.

Watu hudhani nilikuwa nalia. Sikulia. Kitu kilikuwa kimezimika ndani, nami nikakiacha hivyo hivyo. Mpishi wa nyumba kubwa alikuwa Mkipsigis anaitwa Kiprugut, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alikuwa ananipa masalio kwenye sahani ya bati, ananiuliza kama nyama imekolea chumvi. Nilimwambia sijui. Akafikiri najivuna. Kweli nilikuwa sijui. Ningekula chumvi tupu nisitambue.

Sasa bustani. Kiangazi cha huku kinaanza Desemba, na kufika Januari mchana upepo wa bondeni unapanda na vumbi, udongo unapasuka, na ukishika jani la dalia saa nane ni kama umeshika karatasi. Memsabu alikuwa na waridi mistari minne, dalia mistari sita, zinia zimezunguka nyasi, na katikati kidimbwi cha mawe chenye samaki wekundu. Alikuwa ameandikisha bustani yake kwenye mashindano ya memsabu wenzake wa Njoro na Nakuru. Wakaguzi watatu wangekuja Jumamosi ya pili ya Februari. Alinionyesha tarehe kwenye kalenda ya jikoni, akaigonga kwa kucha.

Pampu ya mtoni ilikuwa imekufa kwa vile mto ulikuwa umeshuka. Maji yalikuwa yanaletwa na mzee Gachanja, kwa ng'ombe wawili na pipa juu ya mkokoteni, kutoka bwawa la chini. Huyu Gachanja alikuwa mzee wetu, mpole, haoni vizuri jicho moja, amefanya kazi na Bwana Msumari tangu kabla ya vita vya Mjerumani. Alikuwa anajaza tangi la nyumba kwanza, kisha kidimbwi cha samaki, na kinachobaki ndicho cha maua. Mimi nikaongeza na maji ya kuoga ya wazungu, nayabeba kwa debe kutoka nyuma ya bafu.

Tatizo halikuwa maji tu. Tatizo lilikuwa filimbi. Saa kumi na mbili jioni filimbi ikilia, kila mtu wa kabila letu lazima awe laini, zile nyumba za wafanyakazi, ndani ya ua wa waya, na hatoki mpaka filimbi ya asubuhi. Homugadi, mlinzi wa kwetu aliyewekwa na serikali, alikuwa anasimama mlangoni na kuhesabu. Na maua ya kiangazi yanataka maji jua likizama. Hata mtoto anajua. Ukiyanywesha mchana, yale matone yanachemka juu ya jani na jani linababuka. Nilikuwa na kama nusu saa asubuhi, kati ya filimbi na jua kutokea, ya kukimbia na debe kwenye mistari yote. Mengine yaliyobaki nilinywesha saa nne, kwa sababu Gachanja alikuwa anafika saa nne. Memsabu aliona majani yamebabuka akanigombeza mpaka shingo yake ikawa nyekundu. Aliniuliza kama watu wetu hatuna akili ya kujua maua yananyweshwa jioni. Filimbi waliileta wao. Nilisema ndiyo memsabu, nikainama.

Halafu wadudu na wanyama, ole wako. Fuko alikuja kwanza. Anachimba chini kwa chini, anafika kwenye dalia, anakula kiazi chake chote, na juu ua linasimama siku mbili kama lililo hai, halafu linalala. Nilimtega kwa mtego wa kwetu, kijiti kilichopindwa na kamba ndani ya shimo, akivuta kamba kijiti kinafyatuka kinamnyonga. Nilitoa mafuko kumi na mmoja mwezi mmoja. Memsabu hakupenda kuwaona, nikawa nawafukia kwenye mbolea. Viwavi wa chini ya udongo nao walikuwa wanakata miche ya zinia shingoni, unaikuta asubuhi imelala safu nzima. Kwa kila mche uliolala nilikuwa nachimba kwa kidole pembeni yake, namkuta mwenyewe amejikunja, nambana kwa kucha. Ndege wale wa mkia mrefu walikuwa wanadonoa vichipukizi vya waridi. Nilifunga vitambaa, vikawa kama havipo.

Siku moja ndama wa Bwana aliruka ua akala zinia upande mzima na kulala juu ya zilizobaki. Memsabu alikaa kwenye nyasi na gauni lake akalia. Alilia kweli, mabega yakitikisika, pua ikitoka. Nilisimama na debe mkononi nikimtazama, nikiwa na hamu ya kujua mtu analiaje. Kisha nikaenda kung'oa zinia kule nyuma ya nyumba, nikazihamishia mbele na udongo wake, nikazifunika na matawi zisione jua siku tatu. Zilishika karibu zote. Memsabu akanipa kipande cha sabuni.

Mwisho wa Januari vikaja vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaoganda kwenye kichipukizi na kukinyonya. Waridi zote mistari minne. Kichipukizi kinajikunja, kinakuwa na utelezi, hakifunguki. Dawa ya memsabu ya dukani ilikuwa imekwisha, na iliyoagizwa Nairobi haikufika. Nilijaribu majivu, nikajaribu maji ya sabuni, nikawa nawafuta kwa vidole mpaka vidole vikawa vya kijani. Kesho yake wamerudi wote na jamaa zao. Zilibaki siku kumi na mbili wakaguzi waje, na memsabu alikuwa ameanza kunyamaza. Akigomba hakukuwa na neno. Akinyamaza alikuwa anafikiria lori.

Nikakumbuka malazi. Sisi wachumaji tulikuwa na mtindo wetu, kila nyumba ya laini: unachukua vumbi la pareto linaloanguka chini ya trei za kukaushia, unalimwaga kwenye gunia la kulalia, na viroboto wanakufa hata mayai. Wazungu walikuwa wanapeleka pareto mbali kutengenezwa dawa, na sisi tulikuwa tunalala juu ya dawa. Kama inaua kiroboto, kidukari ni nani?

Kuchukua vumbi hilo lilikuwa kosa kubwa. Bwana Msumari alikuwa anapima mpaka takataka. Mwanamke mmoja alikutwa na konzi moja ya vumbi ndani ya kitambaa, akasomwa jina Jumatano hiyo hiyo. Mimi nilienda kwa Chepchirchir aliyekuwa anafagia tanurini pa kukaushia pareto, rafiki yangu wa zamani, akanifungia kwenye leso bila kuniuliza. Niliroweka kwenye debe kwa maji ya moto na kile kipande cha sabuni, nikaficha chini ya ua wa miiba ya kei mpaka saa kumi na moja, jua likiwa limepoa. Kisha nikachovya ufagio wa vijiti nikanyunyiza waridi moja moja, chini ya majani na juu. Asubuhi vidukari walikuwa wameanguka chini, weusi. Nilinyunyiza jioni tatu. Jioni ya tatu ilikuwa Jumanne, siku nne kabla ya wakaguzi.

Hiyo jioni ya tatu filimbi ilinikuta bado nina nusu debe. Siku zingine mabaki nilikuwa nayamwaga kwenye mashimo ya fuko, lakini yalikuwa mbali, na homugadi alikuwa ameanza kukagua madebe mlangoni akitafuta maziwa ya kuibwa. Angenusa pareto mara moja, kila mtu wa shamba lile aliijua harufu yake. Kidimbwi kilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Nikamwaga humo, nikasuuza debe humo humo, nikakimbia laini.

Niseme kuhusu samaki. Watu wetu hatukula samaki. Mama yangu alikuwa anamwita nyoka wa maji, na Kiprugut naye hivyo hivyo, watu wa kwao hawamgusi. Wale wekundu wa Bwana Msumari waliletwa kutoka Nairobi kwa treni, ndani ya mkebe. Nimefanya kazi pembeni yao miezi minne, nikiwaona wakipita na kurudi, na wallahi haikunijia siku moja kwamba ni vitu vyenye uhai kama kuku. Pareto haimdhuru ng'ombe. Haimdhuru mbwa. Mtoto anatambaa juu yake hana neno. Ningejuaje kwamba samaki ni ndugu wa kiroboto?

Jumatano asubuhi walikuwa wanaelea, tumbo juu, wote.

Kiprugut ndiye aliyewaona, akamwita Bwana. Bwana Msumari aliwatoa kwa mkono wake akawapanga kwenye nyasi, ishirini na watatu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akapiga simu, na baada ya muda akaja mzungu jirani na bastola kiunoni na askari wawili. Nilikuwa nafunga dalia kwenye vijiti, naendelea kufunga. Nilisikia neno sumu. Siku zile wazungu walikuwa wanaogopa sumu kuliko panga, wapishi walikuwa wanaonjeshwa chai mbele yao. Maji ya kidimbwi na maji ya tangi la nyumba yanatoka pipa moja, na pipa ni la nani? Wakaenda kumleta mzee Gachanja.

Walimkalisha juani mikono juu ya kichwa. Kofia yake ilianguka, akawa anaitazama kwa lile jicho zima, haruhusiwi kuiokota. Walimuuliza ametumwa na nani. Akasema ametumwa na Bwana, kuleta maji. Askari mmoja akampiga kofi. Wakamuuliza tena, akajibu vile vile.

Nitasema ukweli, siko kanisani kujipamba. Nilifikiria kunyamaza. Hakuna aliyeniona. Nikinyamaza, mzee anaondoka, mimi nakaa, Nderitu atanikuta. Nikisema, mimi ni mwizi wa pareto na muuaji wa samaki, na kesho ni Alhamisi. Nilifunga dalia mbili zaidi nikifikiria hivyo. Sikuwa na uchungu na mzee, wala huruma, nilikuwa sina kitu. Halafu wakamwinua, ng'ombe wake wakaanza kutembea wenyewe na mkokoteni, akawaita kwa majina yao wasimame. Nikaweka kamba chini. Sikuwa jasiri, jamani. Nilikuwa nimechoka tu, sikuweza kusikiliza zaidi.

Chini ya ua wa kei kulikuwa na kopo nililokuwa nachotea, bado lina maji ya pareto ya jana. Nilikwenda nikalichukua, nikasimama mbele ya Bwana Msumari.

"Sumu ni hii," nikamwambia. "Ni pareto yako. Mzee hajui kitu."

Nikanywa. Nilikunywa mikupuo mitatu mikubwa, na takataka zake, na sabuni yake. Midomo ilikufa ganzi papo hapo, ikafuata ulimi, mate yakawa yananitoka bila kuyahisi. Yule jirani alitoa bastola, sijui alitaka kupiga nini. Bwana Msumari alitazama saa yake. Tukasimama. Aliningoja nife, nami nilikuwa nangoja pamoja naye. Kiprugut alikuwa mlangoni pa jiko, ameshika kichwa.

Ikapita nusu saa. Sikufa. Memsabu akaenda kwenye waridi, akageuza jani, akageuza lingine. Akafungua kichipukizi kwa kidole. Akasema kitu kwa Kizungu, Bwana akamjibu neno moja, akaingia ndani.

Mzee Gachanja walimwachilia. Lakini jioni nyapara aliposoma majina alisoma mawili: lake na langu. Bwana hakutaka kutuona tena, yeye kwa sababu alishukiwa, mimi kwa sababu nilifanya.

Na hapo ndipo ile ganzi ilinitoka, ikanitoka yote kwa mara moja. Nilifunga kitenge na sufuria na jembe la Nderitu, fundo likafunguka mara mbili. Alhamisi asubuhi nilipanda lori, nikakaa karibu na mzee Gachanja juu ya magunia. Aliniambia nisihofu, Murang'a kuna mvua na ndizi. Mimi nilikuwa natazama njia ya banda la trekta. Nilikuwa namwona Nderitu akija na nguo zake za kambini, anauliza, hakuna anayejua. Nilikuwa nataka kupiga yowe na sikuwa na pumzi yake.

Injini ilikuwa imeshawashwa memsabu alipokuja mbio, amevaa malapa ya nyumbani. Alibishana na Bwana hapo langoni mbele yetu, kitu ambacho wazungu hawakufanya. Mwishowe akaninyooshea kidole.

"Wewe, shuka. Jumamosi mimi nataka maua."

Nilishuka, nikaanguka karibu na gurudumu. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamshika ukingo wa gauni, nikasema asante memsabu, asante memsabu, sijui mara ngapi. Nililia hapo, ndiyo. Mzee Gachanja alikuwa ananitazama kutoka juu ya lori. Alinipungia kofia walipoondoka, anacheka kwa kunifurahia. Siku ile nilifurahi sana. Nikitafuta siku nyingine niliyofurahi namna ile, siioni.

Jumamosi bustani ikawa ya pili. Memsabu aliniongezea sabuni.

Nikakaa. Kila kiangazi mafuko walirudi, na viwavi, na ndama mwingine. Pareto nikaruhusiwa kuchota waziwazi, ila si karibu na kidimbwi. Kila mtu aliyekuja kwa mguu kwenye njia ya banda la trekta nilimtazama mpaka awe mtu mwingine. Nilifanya hivyo miaka minne. Nilijua amekawia kwa sababu kambi ni mbali, au kifungo ni kirefu, nikajiambia mtu aliyesema atakuja hapa hawezi kunitafuta mahali pengine.

Mwaka wa hamsini na nane, pasi za kusafiri zilipoanza kupatikana, alikuja Njoki, dada ya Nderitu. Tulikuwa hatujaonana tangu lori la kwanza. Alikuwa anakwenda Nakuru kutafuta kazi, akaamua kupitia. Alinikuta nikifunga dalia. Nilimletea chai pale pale kwenye nyasi, maana laini ilikuwa mbali.

Nilimuuliza kama wamesikia habari yoyote kutoka kambini. Njoki akaweka kikombe chini. Akaniambia Nderitu alitoka kambini mwaka ule ule aliochukuliwa, mwezi wa kumi. Waliotoka hawakuruhusiwa kurudi kwenye mashamba ya wazungu, walipelekwa Murang'a moja kwa moja, na mtu akitoka kijijini bila pasi anarudishwa ndani. Kwa hiyo hakuweza kuja. Lakini aliona malori yanaleta watu wa Njoro kila wiki, akajua mojawapo lazima litakuwa na mimi. Lori lilikuwa linafika Ijumaa. Kila Ijumaa alikuwa anaomba ruhusa ya homugadi na kwenda kusimama pale watu wanaposhukia, anatazama kila mwanamke. Miezi minne hakukosa Ijumaa hata moja.

Nilimuuliza ilikuwaje akaacha. Nilikuwa nimeshajua, lakini nilimuuliza.

"Siku moja alishuka mzee Gachanja," Njoki akasema. "Akamwambia kwa furaha, mke wako hana shida, alikuwa tayari juu ya lori hili hili, memsabu wake akamshusha. Akamsimulia ulivyomshukuru."

Akaniambia Nderitu sasa ana mke, mtu wa huko huko, na watoto wawili. Hakuoa haraka, akaniambia nisimfikirie hivyo. Memsabu alikuwa anapita ng'ambo ya kidimbwi na mkasi wake, akanipungia mkono, nikampungia.

"Alisema nini, mzee alipomwambia?" nikauliza.

"Alimuuliza tu mzee mara mbili kama ni kweli ulipiga magoti."

Nikamwambia Njoki ni kweli, nilipiga.